Sumu, mtego, gundi au paka: ulinganisho wa njia za kuondoa panya katika karakana ya nyumbani

Karakana nyingi za mafundi wa Dar es Salaam zimeungana na nyumba. Nyingine ni kibanda cha mabati kilichoegemezwa kwenye ukuta wa chumba cha kulala, nyingine ni chumba cha uani, nyingine ni baraza lililozungushiwa mbao. Upande mmoja wa ukuta fundi anapiga randa au anashona, upande wa pili watoto wamelala, na hatua chache kutoka hapo kuna jiko, ndoo za maji na banda la kuku. Kwa sababu hiyo, ushauri wa kuua panya uliokusudiwa ghala la mahindi au shamba la mpunga hauwezi kuhamishiwa Keko, Tandika au Tabata kama ulivyo. Fundi wa nyumbani anahitaji njia itakayookoa nyaya za mashine zake, sponji zake na vitambaa vya wateja wake, bila kuhatarisha watu na mifugo wanaoishi mita chache kutoka kwenye meza yake ya kazi.

Njia zinazopatikana mjini zinajulikana: sumu, mtego wa kubana, mtego wa kizimba, ndoo ya maji, gundi, paka, vifaa vinavyodaiwa kufukuza panya kwa mlio ambao binadamu hausikii, na kuziba matundu. Bei si jambo kubwa kama watu wanavyodhani, kwa kuwa karibu njia zote hizi, ukiacha kuziba jengo zima, zinagharimu kidogo kuliko kusuka upya mota ya msumeno iliyoungua. Kipimo ninachokitanguliza ni kingine: je, baada ya kutumia njia hiyo utamwona panya uliyemwondoa? Fundi anayeuona mzoga anajua amekufa panya wa aina gani, amefia wapi, na kama kazi bado inaendelea. Asiyeuona anakisia, na kukisia ndani ya chumba kilichojaa mbao, maboksi na vyuma chakavu huishia kwenye harufu ambayo hakuna anayejua inatoka wapi. Kwa kipimo hicho, mtego wa kubana ukiandamana na uzibaji wa matundu unaishinda sumu katika karakana nyingi za nyumbani, ingawa sumu ndiyo ambayo watu wengi huikimbilia kwanza. Ipo mazingira ambayo hukumu hiyo hubadilika, nayo nitayataja mahali pake.

Panya yupi?

Kabla ya kununua chochote, angalia kinyesi. Panya mdogo wa nyumbani, mwenye uzito wa gramu 12 hadi 30 hivi, huacha punje nyembamba zenye ncha, urefu wa milimita 3 hadi 6, tena nyingi na zilizotawanyika. Panya wa paa, mwenye masikio makubwa na mkia unaozidi urefu wa mwili wake, huacha punje za takriban milimita 12. Panya wa mitaro, aliye mnene na mwenye mkia mfupi kuliko mwili, huacha punje butu zinazoweza kufika milimita 20. Katika mji huu lipo kosa la kawaida sana, nalo ni kukidhani kinyesi cha mjusi kuwa cha panya. Chukua tochi uinamie: kinyesi cha mjusi kina doa jeupe kwenye ncha moja, cha panya hakina. Nimeona mtu akitandaza sumu chumba kizima kwa sababu ya mijusi, ambao kwa kweli walikuwa wakimlia mbu.

Tofauti hiyo ya aina ndiyo inayoamua mbinu. Panya mdogo ni mdadisi. Ukiweka kitu kipya sakafuni atakuja kukichunguza usiku huohuo, na kwa kawaida hazunguki mbali, ni mita 3 hadi 10 tu kutoka kwenye kiota chake. Anakula kidogo kidogo mahali pengi, na anaweza kuishi kwa unyevu uliomo ndani ya chakula bila kunywa maji. Panya wakubwa wana tabia iliyo kinyume: wanakiogopa kitu kipya kwa siku kadhaa, wanasafiri mbali zaidi, na wanahitaji maji. Ndiyo maana wakati wa masika, mitaro inapofurika mabondeni, panya wa mitaro husogea kwenye majengo, na mtego uliomnasa panya mdogo kwa usiku mmoja unaweza kukaa wiki nzima bila kuguswa na panya mkubwa. Fundi anayesema mitego haifanyi kazi mara nyingi anatega panya mkubwa kwa mtego mdogo, au ameukatia tamaa mtego kabla panya hajauzoea.

Sumu na mtego wa kubana

Sumu nyingi zinazouzwa madukani kwa matumizi ya nyumbani ni zile zinazozuia damu kuganda. Warfarini ilianza kutumiwa dhidi ya panya mwishoni mwa miaka ya 1940, na zilizoifuata, kama bromadioloni na brodifakumu, ni kali zaidi kiasi kwamba mlo mmoja unaweza kutosha kuua. Hata hivyo kuua huko hakutokei papo hapo. Panya hufa baada ya siku 3 hadi 7 hivi, na katika siku hizo huendelea kutembea, kuguguna nyaya na kukojoa juu ya vitambaa, huku mwili wake ukiwa umebeba sumu. Ucheleweshaji huo umekusudiwa: panya mkubwa aliye mwangalifu hauhusishi ugonjwa wake na chakula alichokula, kwa hiyo wenzake huendelea kukila. Hiyo ndiyo nguvu ya kweli ya sumu, na mahali penye panya wengi wanaotoka katika mtaro au dampo, nguvu hiyo haina budi kuheshimiwa.

Tatizo linaanza pale panya anapofia. Wauzaji wanaopita mitaani na vipaza sauti hudai kwamba sumu yao humfanya panya atoke kwenda kutafuta maji afie nje, au kwamba humkausha asinuke. Hakuna sumu ya aina hiyo. Panya aliyezidiwa hurudi kwenye kiota chake, na kiota katika karakana kiko nyuma ya rundo la mbao za mninga, ndani ya kiti cha sofa kinachosubiri kitambaa, juu ya dari, au ndani ya kasha la mashine ya zamani. Kwa joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam, mzoga huo unaanza kunuka haraka, na kumtoa kunaweza kukulazimu kushusha mbao zote au kubandua ubao wa dari. Fundi wa sofa yuko pabaya zaidi, kwa sababu anaweza kumkabidhi mteja kiti chenye mzoga ndani yake.

Tatizo la pili ni mkono wa mtoto na mdomo wa kuku. Sumu ya punje hutiwa rangi ya bluu, kijani au waridi, na kwa mtoto mdogo rangi hizo hazina tofauti na pipi. Ukiiweka juu ya kabati haitakaa huko, kwa kuwa panya mdogo ana tabia ya kubeba punje na kuzificha. Utazikuta ndani ya droo ya misumari, ndani ya kiatu cha kazi, chini ya kanyagio la cherehani. Paka anayekula panya waliokula sumu anaweza kufa naye, na vivyo hivyo bundi, ndege ambaye wengi wetu tumelelewa kumwogopa ilhali ni miongoni mwa wawindaji hodari wa panya mjini. Wapo pia kunguru. Kunguru wa mji huu huokota mzoga wowote anaouona na kwenda kuudonolea mahali pengine, kwa hiyo panya uliyemwekea sumu kwako anaweza kuangukia mbele ya kuku wa jirani.

Zipo sumu za aina nyingine ambazo ni hatari kupita hizo. Zinki fosfidi hukutana na tindikali ya tumbo na kutoa gesi ya fosfini, nayo haina dawa ya kuiondoa mwilini. Haifai kabisa kukaa ndani ya nyumba ya watu. Unga usio na lebo unaofungwa katika karatasi au mfuko mdogo unaweza kuwa na chochote. Nchini Tanzania viuatilifu husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, na bidhaa halali huwa na lebo inayotaja kiambato chake. Jambo hilo linaweza kuamua uhai wa mtu: daktari akijua kwamba mtoto amekula sumu ya kuzuia damu kuganda ana tiba ya kumpa, vitamini K1, lakini asipojua ni nini kimeliwa anabaki kutibu dalili. Sumu isiyo na jina isiingie nyumbani kwako hata kama inauzwa kwa bei ya chini kabisa.

Sasa uweke mtego wa kubana kando ya hayo yote. Ni kipande cha mbao au plastiki chenye springi na waya, au ule wa plastiki unaofunguka kama kibanio kikubwa cha nguo. Ukitegwa vizuri huua kwa sekunde chache, mzoga unabaki palepale, na asubuhi unautoa. Hauachi kemikali, hauna mabaki yanayobebwa, na unakupa hesabu: ukinasa watatu leo, wawili kesho, halafu wiki nzima mitego ikakaa bila kuguswa, unajua umefika wapi. Sumu haiwezi kukupa hesabu hiyo. Mtego una hatari zake pia, kwa sababu unabana kidole cha mtoto na mdomo wa kuku, lakini unaweza kuuweka ndani ya sanduku la mbao lenye tundu la ukubwa wa panya kila upande, kazi ambayo seremala anaimaliza kwa vipande vilivyobaki chini ya meza.

Udhaifu mkubwa wa mtego ni kwamba unadai mkono unaojua kutega. Watu wengi hununua mtego mmoja, wakauweka katikati ya chumba na kipande kikubwa cha mkate, halafu wakalaumu chuma. Panya hutembea akigusa ukuta kwa sharubu zake, kwa hiyo mtego uwekwe kwa pembe mraba na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, na itegwe mingi kwa wakati mmoja, kila baada ya mita 2 au 3 kandokando ya njia zake. Wingi huo una sababu. Panya mdogo hubeba mimba kwa siku 19 hadi 21, huzaa watoto 5 au 6 kwa kawaida, na watoto hao huweza kuzaa wakiwa na umri wa wiki 6 hivi. Mtego mmoja unaonasa panya mmoja kwa wiki hauwezi kushindana na uzazi huo, lakini mitego kumi kwa usiku mmoja inaweza kuumaliza ukoo mdogo kabla haujaongezeka.

Chambo nacho kina siri yake katika mji huu, nayo ni sisimizi. Ukipaka siagi ya karanga jioni, sisimizi wanaweza kuimaliza kabla panya hajatoka. Kipande cha nazi kilichochomwa au kichwa cha dagaa kilichofungwa kwa uzi kwenye kitufe cha mtego hudumu zaidi, na uzi humlazimisha panya kuvuta badala ya kulamba. Kiasi kisizidi punje ya choroko mbili tatu. Katika karakana ya cherehani au ya sofa, ambamo chakula ni kidogo lakini viota ni vingi, pamba au uzi wa sponji uliofungwa kwenye kitufe huweza kumvutia jike anayetafuta vitu vya kujengea kiota kuliko chakula chochote. Kwa panya wakubwa, tumia mtego mkubwa, uweke chambo bila kuutega kwa siku kadhaa hadi uone kinaliwa, ndipo uutege. Tena uufunge kwa waya kwenye msumari, kwa sababu panya mkubwa aliyebanwa mguu hukimbia na mtego hadi chini ya kabati.

Katika hali gani basi sumu inashinda? Pale ambapo panya wakubwa wanatoka nje kwa wingi na hakuna ukuta wa kuwazuia, mathalani karakana inayopakana na mtaro mkubwa au jalala, na pale ambapo mwenye karakana hawezi kukagua mitego kila asubuhi. Hata hapo, iwekwe nje ya jengo na si ndani, iwe ya kipande kigumu chenye tundu kinachotungwa kwenye waya na si ya punje, na iwe ndani ya kisanduku kinachofungwa. Funga kisanduku ardhini au ukutani, andika tarehe, na utunze pakiti yenye lebo mahali ambapo kila mtu mzima nyumbani anapajua, ili ikihitajika iende hospitali pamoja na mgonjwa. Asitapishwe mtu nyumbani; apelekwe hospitali mara moja.

Gundi, kizimba na ndoo

Gundi ya panya ndiyo ninayoipinga waziwazi. Inauzwa kila mahali, haina springi ya kuumiza kidole, na kwa mtazamo wa haraka inaonekana salama. Lakini katika karakana, vumbi la mbao huifunika gundi ndani ya muda mfupi na kuifanya isinate, na siku inaponata humkamata panya akiwa hai, naye huhangaika kwa saa nyingi akikojoa na kunya juu ya ubao ambao wewe utaushika asubuhi. Hunasa pia mijusi na vifaranga. Huko England sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutekelezwa 2024, imewazuia watu wa kawaida kuitumia kwa sababu ya mateso hayo. Sioni sababu ya sisi kungoja sheria ndipo tuiache, ilhali mtego wa kubana unauzwa kwenye duka lilelile na unamaliza kazi kwa haraka zaidi.

Mtego wa kizimba, ule wa waya wenye mlango unaoanguka, ni mzuri kwa panya mkubwa na kwa nyumba yenye kuku wanaozurura, kwa sababu hauui kiumbe kisichokusudiwa. Kuku akiingia unamfungulia. Swali gumu ni la kesho yake. Panya aliye hai ndani ya waya anang'ata, na kumwachia kwenye kiwanja cha mbele ni kumkopesha jirani, tena kwa muda mfupi, kwa kuwa akiachiwa karibu hurudi. Anayechagua kizimba awe ameamua mapema jinsi atakavyomuua haraka bila kumtesa, na kama hana moyo wa kufanya hivyo, achague mtego wa kubana.

Ndoo yenye kopo linalozunguka juu ya waya, ambamo panya hupanda kufuata chambo akatumbukia majini, hunasa panya wengi kwa usiku mmoja bila kutegwa upya. Kwa wingi wa panya wadogo ni chombo hodari. Hata hivyo maji yaliyosimama huzaa mbu, mizoga hulowa na kunuka isipotolewa mapema, kifo chenyewe si cha haraka, na mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama ndani ya ndoo ya maji machache. Nyumba yenye mtoto wa umri huo isiitumie.

Paka na vifaa vya mlio

Paka anapendwa, na anastahili kupendwa, lakini katika ulinganisho huu asipewe kazi asiyoiweza. Harufu yake na kuzunguka kwake huwafanya panya wapunguze kujitokeza, na anaweza kuwanasa panya wadogo waliozubaa. Hawezi kuingia katikati ya mbao zilizopangwa wala juu ya dari, na kwa panya mkubwa husita. Watafiti waliowafuatilia paka na panya katika kituo cha kuchakata taka mjini New York, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018, waliona panya wawili tu wakiuawa na paka katika siku 79 za kurekodi. Badala ya kupungua, panya walijifunza kujificha. Hilo la kujificha lina athari kwetu, kwa sababu mwenye karakana anaacha kuwaona na kudhani wamekwisha, huku waya nyuma ya mashine ukiendelea kugugunwa. Mwenye paka tayari aendelee naye, atege mitego mahali paka hapiti, na asiweke sumu kamwe.

Vifaa vya mlio vinavyochomekwa kwenye soketi nitavipitia kwa ufupi. Mlio wa masafa ya juu haupenyi mbao, maboksi wala vitambaa, na karakana imejaa vitu hivyo. Panya aliye nyuma ya rundo hasikii chochote, na anayeusikia huuzoea baada ya muda. Mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Marekani iliwaandikia onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivyo, ikiwakumbusha kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Fedha hiyo inunue wavu wa chuma.

Kuziba, na mpangilio wa kazi

Kuziba matundu hakuui panya hata mmoja, na kwa sababu hiyo huachwa nyuma. Lakini ndiko kunakoamua kama utatega kwa majuma mawili au kwa miaka. Panya mdogo hupita kwenye tundu la milimita 6 hivi. Chukua penseli uzunguke nayo jengo: mahali inapopita, naye anapita. Katika ujenzi wetu penseli itapita mahali pengi sana. Itapita chini ya mlango, kwenye mawimbi ya bati yanapokaa juu ya ukuta, kwenye matofali ya matundu ya kupitishia hewa, na pale nyaya za umeme na bomba la maji zinapoingilia. Kwa panya mkubwa tundu la sentimita 2 linatosha.

Vifaa vya kuzibia visiwe vya kugugunika. Wavu wa mbu wa plastiki, matambara, sponji ya kupuliza na ubao mwembamba ni kazi ya usiku mmoja kwa meno ambayo hayaachi kuota maisha yote. Tumia mchanganyiko wa saruji na mchanga kwenye matundu ya ukuta, ukitanguliza stilwaya ya kusugulia sufuria ndani ya tundu kabla ya kufunika. Wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6 juu ya matofali ya hewa, ili joto liendelee kutoka. Na kipande cha bati kilichokunjwa chini ya mlango. Matawi ya mwembe yanayofika karibu na paa yakatwe hadi yabaki zaidi ya mita moja kutoka kwenye bati, kwa sababu panya wa paa ni mrukaji. Mbao zipandishwe kwenye rafu, sentimita 30 juu ya sakafu, ili uweze kuona na kufagia chini yake. Pumba za kuku zisikae karakana isipokuwa ndani ya pipa lenye mfuniko wa chuma.

Mpangilio wa hatua hizi hutofautiana kulingana na silaha uliyoichagua, na hapa mtego unapata ushindi mwingine. Anayetumia mitego anaweza kuanza kuziba mara moja, kwa sababu panya waliofungiwa ndani, wakikosa njia ya kwenda kula nje, huivamia mitego. Anayetumia sumu akiziba mapema huwafungia panya wanaokufa ndani ya kuta zake mwenyewe.

Usafi wa mabaki nao una namna yake. Panya hueneza maradhi kupitia mkojo, na mmojawapo ni homa ya mgunda, iliyosikika sana nchini mwaka 2022 ilipozuka mkoani Lindi. Kwa hiyo kinyesi kikavu kisifagiliwe wala kupulizwa kwa kompresa, kama mafundi wengi wanavyofanya kuondoa vumbi. Fungua madirisha, vaa glavu na barakoa, lowesha kinyesi kwa dawa ya klorini ya kufulia iliyochanganywa kiasi kimoja kwa tisa vya maji, subiri angalau dakika 5, ndipo ufute kwa kitambaa cha kutupwa. Mzoga loweshwe vivyo hivyo, kisha uzikwe mahali mbwa hafukui. Kabla ya kuwasha mashine iliyokaa muda bila kutumika, chomoa waya wake na uupitishe mikononi kutoka plagi hadi kwenye mota ukitafuta mahali palipogugunwa, kwa maana cheche moja juu ya maranda makavu ni moto.

Kwa nyumba yako

Seremala mwenye banda la kuku uani achague mitego ya kubana ndani ya masanduku, apandishe mbao kwenye rafu, na akiona kinyesi cha panya mkubwa aongeze kizimba nje. Fundi wa sofa asiruhusu sumu kabisa, atege kwa pamba, na akague ndani ya kila fremu kabla ya kuifunga kitambaa. Fundi wa umeme mwenye meza iliyojaa bodi za redio na televisheni ana faida ya chumba kidogo; kuziba kwake ni kazi ya siku moja, na baada ya hapo mitego minne au mitano ya kuangalia inatosha. Mwenye karakana kando ya mtaro, aliyejaribu mitego mikubwa kwa uvumilivu na bado akaona njia mpya kila siku, ndiye anayestahili kuweka visanduku vya sumu nje, au kuita watu wenye kazi hiyo na kuwauliza wanatumia kiambato gani kabla ya kuwafungulia mlango.

Aliye katika hali ngumu kuliko wote ni mpangaji wa chumba kimoja katika nyumba ya Manzese au Mbagala, ambamo cherehani iko pembeni ya kitanda na dari moja inapita juu ya vyumba vyote. Hana ruhusa ya kubomoa wala kujenga, na panya akifukuzwa chumba cha kwanza anashukia cha tatu. Kwake uzibaji wa stilwaya na wavu hauhitaji kibali cha mwenye nyumba, kwa kuwa unaweza kuondolewa, lakini hautoshi bila majirani. Azungumze na wapangaji wenzake ili kila chumba kitege mitego usiku uleule kwa wiki moja au mbili mfululizo, na wakubaliane kwamba hakuna atakayerusha sumu darini, kwa sababu mzoga wa juu hauna mwenyewe, na harufu yake haitabagua chumba cha aliyeiweka na cha asiyeiweka.